Kofia ya Wapinzani

Rafiki yangu ni Mkenya, muuguzi anayetunza wagonjwa majumbani kwao. Katika miji hii miwili ya ughaibuni tunamoishi sijakutana na mhamiaji mwenzetu mwingine anayeipenda besiboli kwa dhati. Sisi wengine tunaujua uwanja kwa sababu ya foleni zake tu. Yeye anajua mchezaji gani ana goti bovu na nani haelewani na kocha.

Kiangazi kile timu yake, timu ya hapa, ilifungwa mfululizo. Mimi nimezaliwa Songea, na kwetu utani ni mila. Mtani wako anaweza kuja msibani, akajilaza kaburini kabla ya marehemu, mkambembeleza mpaka atoke. Basi kila timu ilipofungwa nilimtumia rambirambi kwenye simu. "Poleni wafiwa. Mazishi saa ngapi?" Siku nyingine: "Marehemu ameacha wajane wangapi?"

Yeye hujibu kwa ufupi. "Wacha hizo, Mbongo."

Jumamosi moja tulikuwa mtaa wa Frogtown, kwenye mgahawa tunamokunywa chai. Timu yake ilikuwa inakwenda kucheza mechi tatu na Chicago. Nikamwambia, ikifungwa zote, avae kofia ya Chicago kazini wiki nzima. Alikubali haraka, bila kuinua macho kwenye sambusa. Ikafungwa zote tatu. Kofia nilinunua mwenyewe, nikampelekea hadi mlangoni.

Siku ya pili ya adhabu akanipigia simu asubuhi, nikiwa ofisini.

"Sikia. Mzee wangu, yule mgonjwa ninayemtunza, amekataa kuoga. Amekataa dawa. Anasema hawezi kushikwa na mtu wa Chicago."

Nilicheka mpaka jirani yangu wa meza ya pili akageuka. "Si uivue?"

"Nimeivua kitambo. Sasa anataka kumwona aliyenivalisha."

Nilidhani ni masihara. Saa kumi na moja jioni nilikuwa kitongoji cha Maple Grove, kwenye nyumba yenye nyasi zilizokatwa vizuri. Mzee alikuwa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya televisheni. Kiharusi kilikuwa kimeuua mkono wake wa kushoto, na maneno yalimtoka moja moja. Wala hakunipa mkono wa kulia.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mzee. Nimekuja kuomba radhi."

"Umewahi kutazama mechi moja, mwanzo hadi mwisho?"

Nilisema kweli. Sijawahi.

"Basi kaa."

Nilikaa kwa muda wa saa tatu hivi. Rafiki yangu alinieleza mchezo kwa Kiswahili, na mzee, ambaye hakuelewa neno, alimkatiza kila mara kumsahihisha. Mchezo ulipopumzika alifungua kinywa, akapokea vidonge vyake bila kuombwa. Rafiki yangu alipokwenda jikoni kuchukua maji, mzee akaniinamia, akayatoa maneno polepole.

"Mke wangu alipofariki sikutaka kuongea na mtu. Huyu alipoletwa hapa hakujua hata mpigaji ni yupi. Akajifunza. Usiku kwake alikuwa anasoma kanuni za mchezo, asubuhi ananiuliza maswali. Maswali ya kipumbavu kabisa. Ikabidi nijibu."

Nilimfahamu rafiki yangu miaka saba na hilo sikulijua. Nilidhani alishika besiboli kama wengine wanavyoshika gofu, ili aonekane mwenyeji.

Timu ilifungwa kwa pointi moja, mwishoni kabisa. Mzee akazima televisheni mwenyewe, akaomba apelekwe kulala.

Nje, karibu na gari, rafiki yangu alinisubiri niseme kitu. Nilikuwa natafuta funguo.

"Haya, toa rambirambi."

"Leo sina."

"Usinifanyie hivyo. Zile meseji zako namsomea kila asubuhi, nazitafsiri. Ile ya wajane alicheka hadi akakohoa. Ni kofia tu ndiyo ulizidisha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeanza kuandika kwa adabu."

Nikasimama pale, mkono kwenye mlango wa gari, nikaandika kwamba familia inaomba watu wasilete maua, walete mpigaji mmoja mwenye macho. Simu yake ikalia mfukoni. Aliusoma ujumbe, akarudi ndani kabla mzee hajalala.

Msimu ule timu yake ilimaliza mkiani. Nilikwenda Maple Grove mara nne zaidi, na bado mzee alikataa kunipa mkono.