Mwindaji wa tetere anayesimama kila bunduki inapolia

Jua la Ulyankulu bado limejificha nyuma ya mabani ya kukaushia tumbaku, na tayari Marsiana Irankunda amegombana na mwanamume mwenye ndevu, mwenye ng'ombe na mwenye bunduki yake halali.

"Vua saa," anamwambia.

"Mama Stela, saa hii nimeinunua mnadani Igunga. Haijawahi kumdhuru mtu."

"Inamulika kama kioo. Tetere ataiona kabla hajakuona wewe. Vua. Na hiyo kofia nyeupe mpelekee padri."

Mhoja Shilinde, mkulima wa miaka thelathini na minne, anavua saa, anavua kofia, na kwa sura yake ungedhani amevuliwa hadi suruali. Kisha wanainama pamoja na kuingia ndani ya kibanda cha mabua ya mahindi, kidogo kiasi kwamba magoti ya Mhoja yanabaki nje yakipigwa na umande.

Mbele yao, kwenye uwanja ulio wazi kando ya shamba la alizeti, tetere wamekaa chini wakila. Au tuseme wanaonekana wanakula. Hakuna hata mmoja anayemeza kitu, kwa kuwa wote ni vibuyu.

Marsiana, miaka hamsini na mmoja, ndiye anayevitengeneza. Anachagua vibuyu vidogo vyenye shingo, anavipaka nta ya nyuki kutoka kwa mumewe, Egidi Ntakirutimana, mrina asali, kisha anavibandika manyoya ya tetere waliokwisha kuliwa. Ukisimama mbali kidogo unaweza kuapa kwamba wanapumua.

"Kibuyu kipya kinang'aa, na kinachong'aa kinafukuza," anasema. "Nakilaza nje kwanza, kinyeshewe, kipigwe vumbi. Tetere hamwamini mwenzake aliyevaa vizuri kuliko yeye."

Hapo ungetegemea acheke. Hacheki. Macho yake yako kwenye kichuguu kikubwa upande wa pili wa uwanja, na yamekuwa huko tangu alipofika.

Wazazi wa Marsiana walivuka kutoka Burundi mwaka 1972. Yeye alizaliwa hapahapa Ulyankulu, akakulia kwenye tumbaku na kuolewa kwenye tumbaku, na anasema mapafu yake yanaijua tumbaku kuliko ya mvutaji. Walipogeukia alizeti yeye na Egidi, mavuno ya kwanza yalichukuliwa na wenye mabawa. Katika eka mbili waliambulia magunia matatu.

Aliyempa ufundi ni marehemu mzee Mfaume, askari wanyamapori mstaafu ambaye watu wa makazi ya wakimbizi walimwogopa kuliko fisi. Mzee huyo alimfundisha msimu mzima bila kumpa bunduki. Leo Marsiana ana leseni ya bunduki ya marisau na kibali cha msimu cha kupunguza ndege waharibifu, na wakulima humwita mashambani kwao. Analipwa debe moja la alizeti kwa kila eka. Risasi moja, anasema, ina bei ya kilo ya sukari, kwa hiyo anayepiga ovyo anakunywa chai chungu.

Na kwa kuwa hawezi kuwa kila shamba, anafundisha. Mhoja ni mwanafunzi wake wa nne.

Wiki ya kwanza bunduki ilibaki imefungiwa ndani. Mhoja alitakiwa kukaa shambani mikono mitupu na kuangalia tetere wanatokea wapi, wananywa wapi na wanapita juu ya mti gani. Mkulima huyu aliyezoea kuswaga ng'ombe kwa mluzi aliona ametukanwa.

"Nikamwambia, mama, mimi nimekuja kujifunza kupiga, sikuja kuwahesabia tetere kura," anakumbuka.

"Na mimi nikamwambia tetere ana barabara yake angani," anajibu Marsiana. "Usipoijua utatega njiwa wako wa bandia pale tetere wasipopita, ukeshe na vibuyu vyako kama mganga."

Wiki iliyofuata ikawa ya upepo. Ndege hutua akiukabili upepo, hivyo njiwa wa bandia lazima waelekezwe upepo unakotoka, na katikati yao ibaki nafasi kama kiwanja cha kupuria nafaka, ili wageni wapate pa kutua. Ukiwapanga kwa mistari kama wanafunzi paredi, tetere hugeuka. Kibuyu kikilala tumbo juu, tetere hugeuka. Mwanafunzi akikohoa, tetere hugeuka, na mwalimu naye hugeuka kumtazama.

Lakini somo ambalo Marsiana halichanganyi na mzaha ni neno moja: peupe.

Katika kibanda chake hukaa watu wawili. Mmoja ana bunduki, mwingine ana macho. Mwenye macho hutazama kila upande, mbali na karibu, na asiposema "peupe", bunduki hailii, hata tetere wakitua kwenye magoti. Tena ndege hupigwa akiwa juu, nyuma yake pakiwa na anga tupu. Akishuka usawa wa alizeti, ameshinda, mwache ale.

"Mgeni wa bunduki humfuata ndege kwa mtutu mpaka chini," anaeleza. "Haoni kingine, anaona ndege tu. Na chini ndiko waliko watu."

Kwa sababu hiyo Marsiana ana ugonjwa ambao hospitali haina dawa yake. Wanafunzi wake watatu wa mwanzo wanalinda mashamba ya jirani. Kila anaposikia bunduki ya mmoja wao ikilia, husimama. Akiwa anafua, husimama. Akiwa kwenye ibada ya Jumapili, husimama, na mara mbili waumini wengine wamesimama naye wakidhani ni wakati wa Injili. Husikiliza kama kuna kilio kinachofuata. Kisipofuata, hukaa.

Leo ni mara ya kwanza Mhoja anakaa kibandani na risasi ndani ya bunduki. Na leo pia, kama mtihani, amewapanga njiwa mwenyewe kabla mwalimu hajafika.

"Umepanga vizuri," Marsiana anamnong'oneza. "Nyuma ya kile kichuguu kuna nini?"

"Kuna njia tu, mama."

"Njia ya nani?"

"Ya kila mtu. Ile ya zamani, wanasema misafara ya pembe ilipita hapo kwenda Ujiji."

"Siulizi waliokwenda Ujiji. Nauliza wa leo."

"Leo nani apite saa hizi?"

Marsiana anauma mdomo. Upepo unatoka upande wa kichuguu na kibanda hakiwezi kuhamishwa bila kuanza upya. Alizeti ya Mhoja imeanza kukaza mbegu, na mwaka huu ameng'oa tumbaku yote akaweka matumaini yake hapo. Marsiana anamkubalia, kwa sharti lilelile la neno.

Tetere wa kweli wanatokea juu ya miti ya miombo. Wanazunguka mara moja. Wanaviona vibuyu. Kundi zima linageuza vifua kwenye upepo na kuanza kushuka taratibu, mabawa wazi, kama watu waliokaribishwa.

Mhoja ananyanyuka nusu. Kitako cha bunduki kimekaa begani barabara, kama alivyofundishwa.

"Bado," anasema Marsiana.

"Mama, hao hapo."

"Bado."

"Wanatua! Mama Stela, wanatua!"

"Mhoja, pale chini ya kichuguu uliweka njiwa?"

"Nimeweka wawili, kundi lionekane kubwa. Sema basi!"

"Namwona mmoja."

"Si mwingine atakuwa..."

"Kibuyu hakiruki, Mhoja."

Sauti yake haijapanda hata kidogo. Mkono wake ndio umepanda, umekamata mtutu na kuuelekeza juu kabisa, kwenye anga. Tetere wanashtuka, wanapasuka pande zote. Kwa muda hakuna kinachosikika isipokuwa mabawa, na Mhoja akivuta pumzi ya kulalamika.

Ndipo njiwa wa pili naye anaondoka. Mkono unatokea nyuma ya kichuguu, unamshika shingo, unamvuta. Kisha kinachomoza kitambaa cha kichwani, kisha bibi mzima, Bibi Nyamizi wa nyumba ya tatu, kanga yake ameikunja mbele kama mfuko.

"Mwangaluka, wanangu!" anawasalimu kwa furaha. "Nimeona mmeua mkaacha kuokota. Nikasema ngoja niwahi kabla ya mbwa."

Bibi anapima mboga yake mkononi, anaikunjia uso.

"Mbona wepesi hivi? Wamekula nini tetere wa kwenu?"

Mhoja anakaa chini. Anaifungua bunduki, anachomoa risasi, anajaribu kuitia mfukoni na kuukosa mfuko. Inaanguka kwenye mabua. Anajaribu tena, anaukosa tena.

"Shikamoo, bibi," anasema Marsiana hatimaye. Anatoka kibandani, anamwendea, anamshika mabega na kumgeuza huku na huku kama mtu anayekagua nguo ya mtumba. Bibi anaiona bunduki nyuma yake. Anaelewa.

"Wewe mtoto wa Shilinde!" anamaka. "Ulitaka kunila na mimi?"

"Nisamehe, bibi."

"Nyama yenyewe ya mwaka arobaini na saba, ungeitafuna kwa jino gani?"

Anacheka peke yake, kisha anakaa juu ya kichuguu. Anapewa maji. Anapoondoka anarudisha kibuyu kimoja na kubaki na kingine. Akikikata mdomo, anasema, kitamfaa kutunzia chumvi, na kwa hofu waliyomtia asubuhi hii hakuna wa kumdai.

Marsiana anasubiri kanga ya bibi ipotee njiani ndipo anafungua mdomo. 

"Kosa ni langu kabla halijawa lako," anamwambia mwanafunzi wake. "Ningehamisha kibanda. Sasa sikiliza. Njiwa wa bandia asikae mahali mpita njia anaweza kumwona. Anayemdanganya tetere humdanganya na mwenye njaa. Ukiipata njia, ipe mgongo, hata upepo ukatae. Na kila kibuyu ulichokiweka ukijue kama unavyowajua ng'ombe wako."

"Mama, mimi niiuze tu hii bunduki."

"Uiuze, alizeti ilindwe na vibuyu?"

Wanang'oa kibanda na kukijenga upya upande wa mbugani, ambako nyuma yake hakuna shamba, nyumba wala njia. Upepo huku ni wa ubavuni, na njiwa wanalazimika kupangwa na kupangwa tena. Kwenye kichuguu Marsiana anasimamisha mti mrefu na kufunga kitambaa chekundu, ishara ambayo jioni hiyohiyo itatangazwa kwa mwenyekiti wa kitongoji: kikionekana, watu wasikatize.

Alasiri tetere wanarudi. Wanazunguka, wanateremka, wamenona na hawana wasiwasi. Marsiana anatazama mbali, anatazama karibu, anavijua vibuyu vyake vyote.

"Peupe," anasema.

Bunduki hailii.

"Mhoja, peupe."

"Una hakika, mama?"

"Nina hakika."

Mhoja anaiweka bunduki chini, tupu, anatoka kibandani, jitu zima, na kuvuka uwanja mbele ya macho ya kila tetere wa Ulyankulu. Anazunguka vichaka. Anapanda kichuguu, anashika paji la uso kuzuia jua, anatazama njia yote kushoto na kulia. Kisha anarudi akihema.

"Kweli, mama. Peupe."

Marsiana anatazama uwanja, anatazama anga.

"Peupe haswa," anasema. "Hata tetere hakuna."

Hapo ndipo anacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mpaka anafuta machozi kwa pindo la kitenge. Siku nzima imekwisha na sufuria ni tupu. Mhoja naye anacheka, ila anaangalia kwanza kama inaruhusiwa.

Kesho yake jioni Marsiana yuko nyumbani, anasonga ugali. Mhoja yuko shambani, na mdogo wake ndiye mwenye macho. Egidi ameketi mlangoni akisafisha masega. Kabla ya kupika, mke wake amepapasa nyama ya tetere wa juzi kwa vidole, kipande kwa kipande, akitoa marisau, kwa kuwa jino la mtoto likivunjwa na risasi haliulizi leseni.

Anasema mipango anayo. Msimu ujao anataka kijiji kitenge vitambaa vyekundu kwa kila shamba linalolindwa, na wageni wa bunduki waanze kwa kukaa upande wa macho, msimu mzima, kama mzee Mfaume alivyomfanya yeye. Ameshazungumza na mwenyekiti, ambaye ameahidi kuitisha kikao, na ahadi ya kikao anaijua ilivyo.

Lakini ukimuuliza anachokitamani hasa, hataji vitambaa.

"Nataka siku moja nisikie bunduki ya mtu niliyemfundisha," anasema, mwiko ukizunguka, "niko hapa jikoni, niendelee kusonga. Nisisimame. Na kwa Mhoja naona nimefika. Aliyezunguka shamba lote vile jana, huyo nitamsikia nimekaa."

Bunduki inalia upande wa mbugani.

Marsiana amesimama. Mwiko uko mkononi, ugali wa moto unadondoka kwenye kanga yake na yeye hausikii. Anatazama upande wa shamba la Mhoja. Egidi ameacha masega. Kundi la tetere linapita juu ya paa likielekea porini, mabawa yakifanya mluzi, kisha kimya. Hakuna anayelia. Kwa mbali, mtu anapiga mbinja ya Kisukuma ya kuitia ng'ombe, ya mtu aliyefurahi.

"Mama Stela," anasema Egidi taratibu, "si umesema hutasimama?"

"Nimesimama kuchukua chumvi," anajibu mkewe, na kukaa.

Egidi anarudi kwenye masega yake. Ameishi na mwanamke huyu miaka thelathini, na anajua vizuri kwamba ugali hautiwi chumvi.