Masafa Yamebadilika

Mimi ndiye niliyeleta dishi kwetu Ubaruku, na nililileta kwa mbwembwe. Nililinunua Mbeya, likafungwa juu ya keria ya basi, na kila basi liliposimama nilishuka kulikagua, hadi konda akaniuliza kama nimebeba jeneza.

Dishi lilikuwa la mama. Baba alipofariki tulimtoa mama Kihesa, Iringa, akaja kukaa nami huku ninakosimamia mashine ya kukoboa mpunga. Joto alilivumilia, mbu akawavumilia, na wali kila siku akaula bila kununa. Kilichomshinda ni kuikosa redio ya kanisa ya kwao. Redio ile ukitoka nayo Iringa, ikifika Mafinga inaanza kukwaruza, na ukishuka kwenye tambarare za Usangu inakata kauli kabisa. Mama alizunguka uani na kiredio chake, akikielekeza huku na huku, akaambulia kelele tu.

Nikamwambia, kifua mbele, "Mama, siku hizi redio yenu ipo kwenye satelaiti. Inashuka kutoka juu moja kwa moja. Milima haina lake." Na kweli, dishi lilipofungwa ikaja safi kwenye runinga, kioo kina picha moja tu ya msalaba, na mama anaitazama hiyo hiyo kutwa nzima. Aliyelifunga ni fundi. Mimi nilimshikia ngazi, ila wageni niliwaambia "tulilifunga". Tangu hapo nikawa mtaalamu wa mambo yote ya angani.

Basi, wiki moja dada yangu, aliyebaki Kihesa, akapiga simu. Mtangazaji amesema Jumapili, kwenye kipindi cha kwaya za zamani, watapiga ule wimbo wa kwaya yao ambao baba anauanzisha peke yake kwa besi kabla wenzake hawajaitikia. Sisi hatukuwa na sauti ya baba popote. Kanda yetu ililiwa na redio kaseti tukiwa wadogo, na simu zetu za enzi zake zilikuwa za tochi, hazikurekodi kitu. Nilitamani kuisikia sauti ile hadi chakula kikawa hakipiti. Lakini mwanaume anaona haya kusema hivyo, kwa hiyo nikawa nasema, "Mama lazima asikie. Mama lazima asikie."

Jumapili asubuhi mama akaoga, akajifunga kitenge chake cha kwaya, akaketi mbele ya runinga. Mke wangu akawasha. Pale pa redio yetu tukamkuta mtu anatangaza mpira kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua.

Nikachukua simu nikakuta ujumbe wa kampuni ya king'amuzi, umekaa tangu juzi. Nikausoma kwa sauti: masafa ya baadhi ya chaneli za redio yamebadilika.

"Masafa yamebadilika?" mama akauliza. "Kwa hiyo Iringa imezidi kuwa mbali?"

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Nikamfafanulia, kwa ile sauti ya kufundishia darasa la tatu, kwamba masafa ya redio siyo masafa ya safari. Ni mawimbi, mama, hayana habari na kilomita. Halafu mimi huyo huyo mjuzi nikachukua spana, nikapanda juu ya paa kuligeuza dishi lielekee Iringa.

Nililegeza nati zote. Bati lilikuwa limeshaanza kupata moto. Mke wangu alikuwa ndani ananisomea vile vipimo viwili vya kwenye kioo.

"Imekuja?" nikauliza.

"Nguvu ipo," akajibu. "Ubora hakuna."

Nikasogeza kidogo kushoto. Nguvu ipo, ubora hakuna. Nikainua juu. Ubora hakuna. Majirani wanaotoka ibada ya kwanza wakasimama njiani kuniangalia, na mpaka leo wabeba magunia pale mashineni hiyo ndiyo salamu yao kwangu: bosi, nguvu ipo, ubora hakuna.

Kisha ndani kukawa kimya. "Imekuja?" Kimya. "Nyie, si nauliza, imekuja?" Kimya. Hasira zikanipanda. Mtu naungua jua kwa ajili yao, wao wamekaa kivulini hata kunijibu hawataki! Nikagonga bati kwa spana, nikaita, nikagonga tena. Mwisho nikashuka, suruali ikachanwa na msumari, nikaingia nikiwa nimeshapanga maneno ya kuwaambia.

Runinga ilikuwa imezimwa. Mama alikuwa amebana simu sikioni, na mke wangu ameinama ubavuni kwake, kichwa kwa kichwa. Dada alikuwa amepiga kuuliza kama tunasikia. Walipomwambia niko juu ya paa, hakuuliza zaidi. Akaiweka simu yake mbele ya redio yake kule Kihesa. Nilipofika, wimbo ulikuwa umekwisha na mtangazaji anasoma salamu.

"Kwa nini hamkuniita?"

"Tungeita, tusingesikia," mke wangu akasema.

Mama alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Umenikosesha ubeti wa pili," akaniambia, "na hayo mabati yako."

Nikakaa chini. Nikautoa ule ujumbe nikausoma tena, safari hii hadi mwisho. Ulisema: tafadhali tafuta chaneli upya kwa kutumia rimoti. Dishi halikutajwa.

Baada ya muda nikapata ujasiri wa kumuuliza mama, baba alisikikaje.

"Kwa mbali," akasema. "Lakini ni yeye. Alipoanza tu, nilidhani ni wewe unatuita huko juu."

Nikasema naenda kuokota nati. Nikafika nyuma ya tangi la maji, na pale nikalia, mtu mzima na spana yangu mkononi. Nilijitahidi kulia kimya, lakini kilio kikanitoka, nikakisikia mwenyewe, na kweli kilikuwa besi ile ile.