Mgonjwa Mmoja Alifariki

Muuguzi alikuwa na mazoea yake: kila aya ya utafiti wake wa kisukari aliiandika kwanza kwa Kiswahili, akamsomea mama yake, ndipo akaigeuza Kiingereza. Mama, naye mgonjwa katika utafiti huohuo, alimkatiza bila haya: "Mwanangu, mbona maneno mengi kama muuza dawa ya kunguni?"

Walipomaliza kumzika mama, muuguzi alirudi mezani, macho makavu. Safari hii aliandika Kiingereza moja kwa moja: mgonjwa mmoja alifariki kabla ya utafiti kukamilika. Sentensi ilinyooka, haikumuuma popote.

Mumewe akachungulia. "Umemaliza, mama watoto?"

"Nimemaliza."

"Basi nisomee mimi, kwa Kiswahili."

Muuguzi akaipitia tena kwa macho ile sentensi.

"Hii haina Kiswahili," akasema, akazima kompyuta.