Chupa za Bahari Dirishani

Wazazi walipokufa, niliacha shule, nikapangisha chumba cha mbele cha nyumba yao pale Kadutu, mtaa wa Bukavu, ili wadogo zangu wawili waendelee kusoma. Mpangaji alikuwa mtafiti. Safari moja alirudi kutoka pwani ya Atlantiki, upande ule mwingine wa Zaire, na chupa za maji. Akazipanga dirishani, akatia kufuli mlangoni.

Baada ya siku chache chumba kikaanza kunuka kabichi iliyochemka kupita kiasi. Naye hakuwa na jiko wala sufuria.

Mama jirani alisimama uani, akanusa. "Ule sitwayeni, mupangaji wako, anapika nini bila moto? Chunga, mutoto wangu. Karuho inaanzaka hivyo."

Karuho ni sumu. Kwetu Bukavu hata bia hufunguliwa mbele ya mgeni, na aliyeileta huonja kwanza.

Nilijidai kucheka. Lakini mdogo wetu wa mwisho akapewa mkate na mpangaji, akaula, na kabla ya jioni alikuwa amejikunja mkekani, ameshika tumbo. Nikasimama mlangoni kumngoja mtu yule.

"Tonton," nikamwita, yaani mjomba, "fungua chupa moja mbele yangu. Kisha uonje."

"Iko maji ya bahari tu! Ndani muko majani madogo sana, macho haiwezi kuyaona. Ku labo, mule tunafanyaka utafiti, umeme inakatika, na majani inataka mwangaza. Hapa jua inaingia."

Akaeleza kwamba majani hayo hutoa gesi yenye salfa, ndiyo iliyonuka. Juu ya bahari gesi hiyo hupanda, hugeuka chembe kama vumbi, na mvuke ukishika kwenye chembe hizo, mawingu hufanyika.

"Mawingu inatoka mu harufu ya shu, hii ya kabichi? Tonton, tuko yatima, hatuko wajinga. Onja."

Alinitazama, akamtazama mtoto. Akafungua chupa, akanywa funda, akakunja uso na kukohoa hadi machozi. Mgonjwa wangu akacheka huku bado ameshika tumbo.

Asubuhi mtoto alikiri kwamba alikula mapera mabichi njiani kutoka shuleni.

Mpangaji alibaki, na wadogo zangu wakabaki darasani. Habari ya mawingu sikuiamini, na yeye mwenyewe nilimwamini nusu tu. Lakini tangu siku ile, kila alipoleta mkate, aliuma pembe yake kwanza mbele yangu, bila kuambiwa. Nilingoja ameze, ndipo nikagawa.