Mke Mkubwa Alipowekwa Chini ya Mke Mdogo

Saa mbili asubuhi mjini Keroka. Malori yananguruma barabarani, lakini Mokeira hayasikii. Ameinamia laptopu katika saiba yake ndogo, kibanda cha huduma za intaneti, akitafuta mtandaoni mfano wa msimbo, maagizo ya kompyuta, wa kupandisha jina kutoka chini ya ukurasa hadi juu. Machozi yanamtiririka wala hayafuti.

Mokeira, 27, hutengeneza kurasa za matangazo ya mazishi. Hakusomea kazi hii. Hutafuta mtandaoni mifano ya msimbo iliyoandikwa na watu wa mbali, akanakili, akabandika, akajaribu.

"Huu wa kufungua picha, huu wa kuficha maneno. Nikipata wenye unafanya kazi, siugusi tena," asema.

Wiki hii alinakili mmoja bila kujua kwamba unapanga majina kwa alfabeti. Katika tangazo la mzee mmoja wa Ekerenyo, Bathsheba, mke mdogo, akatangulia. Nyanchoka, aliyeolewa kwanza, akafuata chini yake. Kwa Wakisii, hilo si kosa dogo.

Jana Machogu, kifungua mimba wa Nyanchoka, alifika akifoka.

"Mama yangu ndiye alianzisha hii boma! Sasa anasema hatakaa kando ya jeneza. Wageni watamkuta wapi?"

"Nisamehe, tata," Mokeira alimwambia, akimwita baba kwa heshima. "Ni kompyuta ilipanga."

"Kompyuta inajua nani aliolewa kwanza?"

Sisi tunaoisifu teknolojia kila uchao, tungemjibu nini?

Kila mfano anaoufungua Mokeira unapanga kwa herufi au kwa bei. Akifuta mstari mmoja, picha ya marehemu inatoweka. Wateja wawili wa shilingi elfu mbili kila mmoja wameshaondoa kazi zao.

Karibu saa sita, jina la Nyanchoka linapanda juu. Mokeira hashangilii. Picha ya ukurasa wa awali imeshazagaa kwenye WhatsApp ya ukoo mzima.

"Mfano wa kurekebisha ukurasa nimepata," asema. "Wa kurekebisha moyo wa mama wa watu, nitautoa wapi?"

Mazishi ni kesho. Atafika Ekerenyo kabla ya ibada, aende moja kwa moja jikoni kwa Nyanchoka, apige magoti, amsalimu na kumwomba msamaha. Salamu yake ikipokewa, Jumatatu atafungua saiba. Isipopokewa, atarudi kuchuma majani chai.

"Hata asiponisamehe," asema akifunga laptopu, "naomba tu akae penye anafaa kukaa."