Ndege wa Mpunga wa Mama Mkubwa

Swali lililoninyima usingizi nilipotoka chuoni, katika miaka ya hamsini, lilikuwa moja: je, Baba alikuwa na wake wawili?

Kaka yake alikuwa amefariki, na mila yetu ya Kipokomo ilimtaka Baba amrithi mjane, ambaye mimi nilimwita Mama mkubwa. Baba alikuwa akimlimia shamba la mpunga, na wazee wakasema huko ndiko kumkubali. Lakini Baba alikuwa amemwoa Mama kanisani. Mchungaji alikuwa amekwisha kumzuia kushiriki meza ya Bwana. Nami, karani wa korti pale Garsen, nilijua sheria: aliyefunga ndoa ya kanisani akioa tena, hata kimila, atafungwa.

Nilipomweleza mwenye duka wa pale, Mwislamu, alinicheka. "Babako asilimu, bwana! Sisi tumeruhusiwa wanne, na mimi huyo mmoja tu ananishinda."

Sikucheka. Hata akisilimu, ndoa ya kwanza ingemfunga vilevile. Nikaendelea kupima. Sheria ilitafuta sherehe ya pili. Kanisa liliuliza habari za kitanda. Wazee waliangalia nani anashika jembe, na Baba alikuwa ameshika jembe tu. Je, jembe ni nusu ya ndoa? Nilikula bila kusikia ladha ya chakula.

Jumamosi nilivuka mto kwa mtumbwi nikamkuta Mama mkubwa shambani, sauti imemkauka kwa kufukuza ndege.

"Mama mkubwa, unataka kuolewa na Baba?"

"Yule anayekoroma kama kiboko? Mamako hunisimulia!" Akaketi. "Mwanangu, nimechoka. Nataka mtu wa kuamia ndege mpaka mpunga uive. Nikimkataa babako mbele ya wazee, nani atakuja?"

Nilivuka mto tena kurudi nyumbani. Jioni nikamwambia Baba, "Liache shamba la Mama mkubwa. Nitalishika mimi. Mimi ni mwanawe. Hakuna atakayeniita mume."

Baba aliitazama mikono yangu. "Kwa vidole hivyo vya wino?"

"Kwa hivi hivi."

Alfajiri nililikuta jembe lake mlangoni pangu.

Jumatatu nilimwomba Bwana Shauri, mkubwa wangu kazini, likizo hadi mavuno. Aliguna, akanipa. Kesho yake nikapanda dungu la Mama mkubwa, jukwaa la kuamia ndege, nikatia jiwe kwenye kombeo. Lilianguka mtoni. Ndege hawakushtuka hata kidogo. Nikatia jingine.