Sanda ya Mama Juma

Kabla ya vita, kila mwezi mama alianika sanda yake uani. Nasema kweli! Bafta nyeupe pe, kainunua mwenyewe Tabora. Anaitandaza juani, kisha anairudisha sandukuni na kipande cha kafuri. Wenzangu hapa Ushirombo walinicheka: "Mama yako ana haraka ya kwenda wapi?" Niliona haya. Mama yeye hakujali.

"Maisha yangu yote nimeshonea watu nguo," alisema. "Sitazikwa kwa nguo ya kuomba."

Siku moja ameianika, redio ikatangaza kuwa nchi imevamiwa huko Kagera. Kaka yangu Juma alikuwa mgambo. Wiki haikuisha akaitwa. Malori nayo yakachukuliwa kupeleka askari. Basi, sabuni ikapotea, chumvi ikapotea, nguo ndiyo usiseme. Duka la ushirika likabaki rafu tupu na kalenda ukutani.

Kisha jirani yetu Mkatoliki, Mama Kulwa, akafiwa na Kulwa wake kwa homa. Aliingia bila kupiga hodi.

"Mama Juma, mwanangu nimfunike na nini?"

Mama akafungua sanduku, akashika mkasi.

"Mama, usikate!" nikapiga kelele.

"Mtoto ni kipande tu. Vita hii haimalizi mwezi, nitanunua nyingine."

Hapo ndipo tulipokosea. Ukishampa mmoja, wa pili utamnyimaje? Wakaja wa msikitini, wakaja wa kanisani, hadi watu wa Masumbwe. Kila aliyelia mlangoni aliondoka na kipande. Nilinuna waziwazi, mama akawa ananiambia, "Aliyekufa ni wa kwao. Mimi bado nipo."

Halafu akaugua.

Gari hakuna.

Nilisimama barabarani. Lori la jeshi likaja, nikapunga kanga, nikapunga. Halikusimama.

Lingesimamaje?

Alifariki Alhamisi adhuhuri. Mwanamke huvishwa sanda ya nguo tano. Sandukuni ilibaki ya kumfunga kichwa tu. Shehe akasema nguo yoyote safi inatosha. Najua inatosha. Mama Kulwa akaleta shuka la kitanda chake, la maua mekundu, kalifua kwa maji matupu. Tukamzika nalo pamoja na kanga zangu. Fundi wa nguo mzima, jamani! Niliumia mno.

Juma alirudi salama, alhamdulillahi. Barua yangu ya kumweleza kuwa mama anaikata sanda yake ilimfika. Ya msiba haikumfika. Akamwamkia Mama Kulwa shikamoo, akafungua begi la jeshi, akatoa jora zima la bafta.

"Haya, akate mpaka achoke," akacheka. "Yuko wapi?"

Mama Kulwa akamshika mkono, akaongozana naye makaburini. Jora alikwenda nalo kwapani.

Vita tulishinda, nami nilishangilia na wenzangu barabarani. Jora lile ninalo hadi leo. Ninalianika, ninalirudisha sandukuni. Kulikata siwezi.